Chembe za Manjano

Mwaringa, nakukumbuka kwa namba kabla ya jina:
mia nne na saba, kikopo cha kifuniko chekundu,
makohozi ya alfajiri, kabla ya chai.
Ulikileta mwenyewe hadi dirisha la maabara, Malindi,
umekifunga ndani ya mfuko wa sukari ya nusu kilo
kama mtu aletaye zawadi anayoionea haya.

Wiki ya sita hiyo.
Kule Gongoni, kwenye mashamba ya chumvi,
reki yako ilikwisha kupata mikono mingine.
Dawa za siku saba ulimeza; homa ikatoka,
ikakaa barazani, ikarudi ndani.
Za siku kumi na nne ulimeza. Vivyo hivyo.
Na picha ya kifua: pafu la kulia, chini,
wingu lile lile, pale pale,
halinyeshi wala halipiti.

Kijijini walikwisha kukata shauri.
Kifua kikuu, walisema, kikombe chake kiwekwe kando.
Wengine walitaja ule mwingine, kwa kuinua nyusi tu.
Shemejio akasema ni chumvi, imekula mapafu.
Mbodze, mkeo, hakusema.
Alihesabu kuku waliobaki.

Nami nilitafuta walichokitafuta wote.
Mara tatu nilipaka kioo, nikakipitisha motoni,
nikamwaga rangi nyekundu, asidi, kisha buluu,
nikakisoma uga kwa uga mpaka shingo ikakaza.
Hakuna.
Mashine nayo, ile tuifunikayo leso vumbi lisiingie,
ikajibu hakuna.
Nikaandika "hakuna" kwa mwandiko wangu mzuri,
na hakuna yangu ikakurudisha nyumbani
na kikohozi chako chote.

Ni Tabibu Nyevu aliyekuambia, "Hebu fungua mdomo."
Miezi miwili umefunuliwa shati,
hakuna aliyekuambia ufungue mdomo.
Gego la chini, shimo jeusi,
unalituliza kwa karafuu tangu kifungua mimba wako aanze shule.
"Na siku ya mshahara, ukinywa mnazi, walalaje?"
"Chali," ukasema. "Mlevi huchagua ubavu?"
Ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi,
ukashika ukuta.

Kumbe njia ndiyo hiyo.
Wapangaji wa kinywani, wa tangu utotoni, wasio na ubaya na mtu,
wameteremka na mate usiku mmoja, wakakosea mlango.
Hawakimbii hao. Hawaui kwa wiki.
Wakipata chumba kisicho na hewa
wanajenga, taratibu,
ukuta wa jirani wanautoboa bila kuomba radhi.

Safari hii nilimimina makohozi kwenye kisahani,
chini nimetandika karatasi nyeusi.
Nikaziona: chembe za manjano,
ndogo kuliko chenga za mtama.
Nikaponda moja kati ya vioo viwili, nikaipa zambarau.
Nyuzi. Zenye matawi, na matawi ya matawi,
kama nyufa za tope la Gongoni maji yakishakauka.
Nikamwita Shebwana. Akaacha muhogo wake mlangoni,
akainama, akakaa kimya muda mrefu kwa mtu mwenye njaa.

Penisilini ya mshipa, wiki nne.
Kisha vidonge, miezi sita, pengine mwaka.
Jino ling'olewe.
"Mwaka?" ukauliza. "Kwa jino?"
Mbodze akaingiza mkono mkobani, akahesabu tena,
safari hii nauli.

Ulirudi mwezi wa nane, umenenepa shingo,
na mfuko wa sukari, nikadhani kikopo.
Chumvi. Ya mawe, haijasagwa.
"Ya kupikia," ukasema, ukaondoka
bila kukohoa mpaka getini; nilisikiliza.

Siku hizi nikifika kwenye neno hakuna
kalamu husita kidogo.
Na jana, nikipika, nilishika punje moja ya chumvi yako
nikaisogeza kwenye taa,
nikajikuta
naitafutia matawi.